Makopo Mawili ya Mafuta ya Upele

Wiki nzima tumemwacha Dresa Thadeus kaachama. Tafadhali msitume barua zaidi, nimezipokea zote. Mmoja wa Njoro anaandika kwamba mkewe hapiki mpaka ajue kijana atasema au hatasema. Mwingine wa Soweto amenitukana kabisa, na mwandiko wake ni mzuri mno kwa matusi yale. Haya, poleni. Tuendelee.

Na wewe uliyefungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita bila kulisoma, nakukumbusha upesi upesi, wenzako wanasubiri.

Ni enzi za Mwingereza, mwaka wa arobaini na tisa, saa nne asubuhi, ndani ya dispensari ya Kirimeni, huko juu ya Moshi, migombani. Madresa sita, yaani waganga wasaidizi wa dispensari za wakati ule, wameketi kumhukumu mwenzao. Walikuwa na chama chao wenyewe, na walikiunda kwa sababu moja tu: dresa akikosea, ahukumiwe na madresa wenzake kabla mzungu hajasikia. Mambo ya ndani yaishe ndani.

Chama kilikuwa na sheria mbili, zimebandikwa ukutani. Ya kwanza: SIRI YA MGONJWA HAITOKI. Ya pili: DAWA HAITOKI BILA JINA.

Sasa, ndani ya kabati la Thadeus yalikosekana makopo yote mawili ya mafuta ya salfa, yale ya manjano ya kupaka upele, yanayonuka kiberiti hadi barabarani. Kwenye daftari tarehe zipo. Kopo moja, na wiki moja baadaye kopo lingine. Penye jina la mgonjwa, peupe pote pawili.

Mezani kulikuwa na funguo za dispensari, na kando yake barua ya kwenda kwa Bwana Mganga, daktari mzungu wa Moshi, imepigwa chapa tayari. Chama kikitamka "mwizi", barua inateremka mjini, na Thadeus anavua koti jeupe siku hiyo hiyo. Pengine na jela juu.

"Ulimpa nani?" Katibu Fikirini alikuwa ameuliza.

Thadeus akafungua kinywa. Hapo ndipo tulipomwacha.

Basi akakifunga.

"Sitasema," akasema.

"Umesikia, Mwenyekiti!" Fikirini akaruka kitini. Huyu alikuwa dresa wa mjini, mtu wa Njoro, kanzu safi chini ya koti, ulimi kama wembe. Asubuhi ile alipanda mlima na baiskeli, ingawa kusema kweli baiskeli ndiyo iliyompanda yeye, maana aliibeba begani nusu ya njia. "Hasemi kwa sababu hana wa kumtaja! Ameyauza Sanya Juu, sokoni. Wallahi mimi mjini kwangu kopo likipotea naota ndoto mbaya!"

"Sikuuza hata tone."

"Basi taja!"

"Sheria ya kwanza ukutani, soma mwenyewe."

"Na ya pili?"

Thadeus akainamisha kichwa. "Ya pili nimeivunja. Niliombwa nisiandike jina, nikamwonea mtu huruma. Kwa hilo nihukumuni. Lakini mwizi mimi siye."

Wote wakamgeukia Mwenyekiti.

Mwenyekiti, Meku Aminieli (meku ni mzee kwa lugha ya mlimani), alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba katika kazi ya udresa. Nusu ya mlima ilikuwa imechomwa sindano na mkono wake. Sheria zile mbili alizitunga yeye. Na kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, alisimama juu ya jiwe akawahubiria sabuni. "Mwenye upele ni mchafu!" alikuwa akiwaambia. "Angeoga, angeupatia wapi?" Akina mama wakawaficha watoto wao nyuma ya kanga.

Msomaji, sogeza sikio. Nakwambia wewe peke yako, na usimwambie hata huyo anayesoma juu ya bega lako.

Kopo la kwanza lilikuwa la Meku Aminieli.

Ndiyo. Mhubiri wa sabuni alikuwa na upele. Alikuja Kirimeni wiki tatu nyuma, kofia imeshushwa hadi puani, akapitia nyuma penye migomba kama mtu anayedaiwa mbuzi. Kwenye dispensari yake mwenyewe angelichukuaje kopo, na msaidizi wake ana mdomo usiofungwa? "Mwanangu," alimwambia Thadeus, "ukiandika jina langu, mimi nimekwisha." Na Thadeus, ambaye mzee huyu ndiye aliyemfundisha kushika sindano, akaacha peupe.

Sasa mzee amekaa kwenye kiti cha hukumu, koti limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, mikono chini ya meza. Kidole kimoja kinakikuna kingine. Polepole, kwa heshima.

"Mwenyekiti, tunakusubiri," Fikirini akasema.

"Nafikiri," akajibu Meku.

Alikuwa akifikiri nini? Alikuwa akiona aibu, tena aibu mbaya, na aliogopa kuliko alivyoona aibu. Neno moja tu lingemwokoa kijana.

Hodi!

Kabla hawajasema karibu, mlango ulikuwa umekwisha sukumwa. Akaingia Mama Margareta, mama mzazi wa Thadeus, rozari shingoni, anahema, goti moja limevimba. Mkononi kashika jani moja refu la kijani, bichi, limetoka kukatwa.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba, Mama Margareta."

"Shikamoo, mama," wale vijana wakaamkia, hata Fikirini.

"Marahaba, wanangu. Sitakaa. Nimeambiwa mwanangu ameiba mafuta." Akaenda moja kwa moja hadi mezani, akaliweka lile jani mbele ya Mwenyekiti kwa mikono miwili. "Ni mtoto. Baba yake amekufa, nimemlea kwa kahawa na ndizi. Naomba asamehewe."

Madresa wote wa mlimani wakalitambua mara moja. Fikirini peke yake ndiye aliyeshangaa.

"Jani la nini hilo? La kufungia samaki?"

Eliaichi, dresa wa Sanya Juu, mtu mnene asiye na haraka, akamjibu. "Wewe mtu wa mjini, hilo ni isale. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea isale, hukatai. Hata kama alikuulia ng'ombe. Hata kama alikupora mchumba. Unasamehe, mambo yanakwisha."

"Hukatai kabisa?"

"Kabisa."

"Na anayelileta ndiye aliyekosa?"

"Sasa asiyekosa alilete la nini?"

Fikirini akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Kesi imekwisha! Mama mwenyewe amekiri kwa niaba ya mwanawe. Nani ana kalamu?"

Mmeona? Maskini mama wa watu, kapanda mlima na goti bovu kuja kumwokoa mwanawe, na jani lake ndilo linalomfunga. Thadeus akajishika kichwa.

"Mama! Nani alikutuma?"

"Ananituma nani? Tumbo lililokuzaa!"

Lakini Meku Aminieli alikuwa akilitazama lile jani kwa macho mengine kabisa. Macho ya mtu aliyeona mlango wazi katika nyumba inayoungua. Asamehe! Atoe hukumu ya msamaha, barua ichanwe, kijana arudishiwe funguo, kila mtu aende kunywa mbege, ile pombe ya ndizi, na jina la mtu fulani libaki peupe milele na milele, amina.

Akakohoa. Akajiweka sawa kitini.

"Wenzangu," akaanza, "mila ni mila. Isale limeletwa, na mimi si mtu wa kulikataa. Nasema tumsamehe kijana."

"Nakubali," akasema Eliaichi, maana mtungi wa mbege alikuwa ameuona tangu alipoingia.

"Na sisi," wakasema wengine.

"Hata mimi sina kinyongo," akasema Fikirini, na sauti yake ghafla ilikuwa tamu kama halua. "Nitaandika hivi: alikosa, akasamehewa. Basi. Tusiulize tena mafuta yalikwenda kwa nani. Yaliyopita si ndwele."

Ajabu, eh? Mtu aliyekuwa akiunguruma sasa hivi kama simba wa Ruvu, ameridhika upesi namna ile. Weka hilo mfukoni.

Mama Margareta akafumba macho, akabusu rozari. Mkono wa Meku ukanyoshwa kulichukua jani.

"Mama, chukua jani lako," akasema Thadeus.

"Unasemaje?"

"Lichukue. Sikukosa kosa hilo."

"Unanikataa mbele za watu? Nimetembea na goti hili!"

"Mama, nisikilize." Kijana akamshika mkono mama yake. "Wakinisamehe leo, kesho nitaitwa mwizi aliyesamehewa. Nitashika funguo, sawa. Lakini mama gani atanipa mkono wa mtoto wake nimchome sindano? Watasema dawa kaiuza, humo katia maji. Mtoto wa mtu atakufa nyumbani kwa sababu mama yake ananiogopa. Heri nivue koti nikachume kahawa."

Mama akamtazama mwanawe. Tangu afungue kinywa mara ya kwanza duniani, hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

"Basi uliwapa nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Siwezi kusema."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hata padri."

"Ruwa, Mungu wangu!" Mama Margareta akashika kiuno. Na alipokuwa ameshika kiuno hivyo, anageuka huku na huku kutafuta wa kumsaidia kugomba, pua yake ikafanya kazi ambayo chama kizima hakikuifanya. Akanusa. Akanusa tena.

"Mbona hapa kunanuka kiberiti?"

"Ni dispensari, mama," akasema Eliaichi. "Dawa zinanuka."

"Makopo si yamekwisha ibwa? Kinachonuka ni nini?"

Madresa wakatazamana. Watu sita waliosomea kazi, wanajua majina ya dawa kwa Kizungu, na hakuna aliyekuwa amejiuliza swali hilo.

Mama huyu alikuwa amelea watoto wanane, na wote wanane waliugua upele kwa zamu, na wawili kwa pamoja. Akaifuata harufu. Akapita kwa Fikirini, akasita kidogo, akaendelea. Akafika mbele ya Mwenyekiti. Akainama.

"Meku," akasema, "hebu toa mikono mezani."

Meku Aminieli hakutoa mikono.

"Nionyeshe katikati ya vidole, Meku. Mimi nayajua mambo haya. Hukaa katikati ya..."

"MAMA!"

Thadeus aliruka, na kwa hatua moja akawa amesimama kati ya mama yake na meza, kamkinga yule mzee kwa koti lake lote.

"Mama, nyamaza. Nakuomba kwa jina la baba. Umeingia nyumba ya wagonjwa. Unachokiona humu hakikuhusu, na mimi sikusema kitu, na wewe hukuona kitu. Toka nje, mama yangu. Tafadhali."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Mama yake akarudi nyuma, mkono mdomoni.

Nje, maji ya mfongo, ule mfereji wa mlimani, yalikuwa yakipita kwenda mashambani.

Msomaji wangu wa Njoro, mwambie mkeo asogeze sufuria pembeni. Sasa.

Meku Aminieli aliutazama mgongo wa kijana. Koti lilikuwa limechakaa begani, limeshonwa kwa uzi mweusi. Mgongo ule ulikuwa unamkinga yeye. Unamkinga hakimu wake.

Mzee akatoa mikono chini ya meza. Akalichukua lile isale.

"Sogea, mwanangu," akasema.

Akasimama. Akaizunguka meza. Halafu Mwenyekiti wa chama, dresa wa miaka ishirini na saba, mhubiri wa sabuni, akasimama mbele ya kijana mdogo kuliko mwanawe wa mwisho, akamnyoshea isale kwa mikono miwili, na ile mikono wote wakaiona. Vipele katikati ya vidole, vyekundu, vimepakwa mafuta ya manjano.

"Kopo ni langu," akasema. "Nilimwomba asiandike. Halafu nikakaa kiti kile nikamwacha aungue. Thadeus, nimekukosea. Pokea."

Fikirini akarudi hatua moja nyuma.

"Niliupata kwa wagonjwa wangu," mzee akaendelea. "Nawashika mikono miaka yote hii. Na naoga, jamani! Naoga kila siku! Nimewatukana watu juu ya lile jiwe, kumbe upele hauulizi sabuni."

"Nilikuwa nakwambia hivyo, Meku," akasema Mama Margareta taratibu. "Miaka kumi nakwambia. Wanangu walikuwa wanaoga."

"Pole, mama."

"Nishapoa."

Thadeus alikuwa bado kaduwaa, anatazama jani. Mama yake akamsukuma mgongoni. "Pokea, wee! Anayeletewa isale hakatai. Au na hilo nalo lina sheria ukutani?"

Thadeus akapokea. Mzee akamshika kichwa, akamkumbatia, na Eliaichi akajipangusa macho kwa mkono wa koti, akisingizia moshi. Moshi wenyewe haukuwepo.

"Kiti nimekiacha," Meku akasema alipomwachia. "Mwenye kumwacha mwenzake asingiziwe hafai kuwahukumu wengine. Eliaichi, kaa wewe. Na Jumapili nitapanda lile jiwe, niwaambie watu nilivyokuwa mjinga."

Eliaichi akakaa. Kiti kikalia. Akalivuta daftari, akachovya kalamu. "Haya. Tujaze peupe hapa ili sheria ya pili itulie. Kopo la kwanza: Aminieli, kwa ridhaa yake. Na la pili?"

"Lipi la pili?" akauliza Meku.

"Makopo mawili."

"Mimi nilichukua moja."

Wote wakamgeukia Thadeus. Thadeus akatazama dari.

"Huyo naye simtaji," akasema.

Hapo, msomaji, ndipo mahali pa Katibu Fikirini kuruka kitini. Tangu asubuhi alikuwa akiruka. Walimsubiri aruke, aseme "Umesikia, Mwenyekiti!", apige meza.

Fikirini hakuruka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, ameuegemea ukuta, funguo za dispensari mkononi. Alizichukua wakati ule wa makofi, akidhani kesi imekwisha, akasahau kuziweka. Alikuwa akitazama nje, kwenye baiskeli yake, kama mtu anayepiga hesabu ya mteremko.

Na mkono wake, pasipo kumwomba ruhusa, ukapanda. Ufunguo mkubwa, ule wa kabati la dawa, ukafika ubavuni, juu kidogo ya kiuno. Ukaanza kukuna. Ulikuna vizuri, hata macho yakamlegea.

Alipoyafumbua, watu sita walikuwa wanamtazama.

Mkono ukasimama.

Thadeus peke yake ndiye aliyekuwa bado anatazama dari. Tangu asubuhi amemtunzia siri hakimu wake. Kumbe alikuwa akimtunzia na mshitaki wake, huku anaitwa mwizi kwa sauti kubwa.

"Joto la mlimani," akasema Fikirini.

Nje kulikuwa na ukungu na manyunyu.

Mama Margareta hakucheka. Alijifunga kanga, akaelekea mlangoni, na alipomfikia akasimama.

"Bwana Fikirini, baba," akasema kwa upole, "masale yapo mengi pale uani kwangu. Nikukatie jani?"

Fikirini akamtazama mama. Akamtazama Thadeus. Akaziweka funguo mezani, taratibu, mbele ya kijana.

"Kata mawili, mama," akasema.

"Mawili? La pili la nini?"

"Ile barua." Akaonyesha mezani kwa kidole. "Hiyo hapo ni nakala. Niliogopa jina langu litatajwa hapa, nikaona heri mzungu awahi kumkamata kijana. Yenyewe nilimpelekea Bwana Mganga jana jioni."

Eliaichi akaangusha kalamu.

Huko chini, penye kona ya mwisho ya barabara ya Kirimeni, gari likabadilisha gia, likaanza kupanda.